Kutoka mapango ya Shimoni hadi mabati ya Taita: daftari la karani wa popo

Jumapili. Likoni, Ukunda, Shimoni

Tulipokuwa tukisubiri feri Likoni, tangi la naitrojeni ya kimiminika lilikuwa likivuja moshi mweupe kando ya kifuniko. Kijana muuza karanga akachungulia nyuma ya gari akauliza kama tunauza aiskrimu. Daktari, ambaye ndiye kiongozi wetu, akamwambia humo ndani mna baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na kidole kikiingia hakitoki kizima. Kijana akarudi nyuma hatua mbili, akafikiri, kisha akatuuzia karanga.

Mimi katika kikosi hiki cha kutafuta virusi vya popo ni karani. Sishiki popo, sitoi damu. Kazi yangu ni kukaa kwenye kiti cha plastiki na daftari na taa ya kichwani, niandike ninachotajiwa: aina, jinsia, uzito, urefu wa kigasha (mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo), namba ya kichupa cha sampuli. Ukikosea namba moja ya kichupa umeharibu usiku wa watu wote, kwa hiyo karani hupewa chai kwanza.

Tuna barua ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kibali cha utafiti cha taifa na barua ya kaunti. Hizo zote zilibaki ndani ya mkoba tulipofika Shimoni. Mzee anayesimamia pango hakuziomba. Aliuliza tutakaa siku ngapi, tutaua wangapi, na kama kuna mwanamke atakayepikiwa nyumbani kwake. Daktari akamjibu: usiku mmoja, hatuui hata mmoja, na wanawake tuko wawili. Tukala wali wa nazi na samaki kwa mkewe.

Jumatatu. Pangoni

Tuliingia saa nne asubuhi popo wakiwa wamelala. Kabla ya kushuka ngazi kila mtu alivaa ovaroli, barakoa, miwani na glavu. Wanaoshika popo huongeza glavu za ngozi juu ya zile za mpira. Sote tulichanjwa kichaa cha mbwa kabla ya safari. Watalii wawili waliokuwa wakitoka na ndara zao walitutazama kana kwamba sisi ndio ugonjwa.

Wageni wengi huja hapa kwa ajili ya historia ya utumwa, na mwongozaji huwaonyesha mahali pa minyororo. Ukiinua taa juu zaidi unaiona dari ya matumbawe ya kale, na darini wamening'inia popo. Wakubwa kuliko wote ni wale wenye pua yenye mikunjo kama jani. Hula wadudu, na kigasha chao hukaribia sentimita 10, jambo ambalo kwa popo mla wadudu ni ukubwa wa kujivunia.

Mwaka 2009, katika mapango ya upande huu, watafiti waliokota popo mmoja wa aina hiyo akiwa amekufa. Ubongo wake ulipopimwa walikuta kirusi cha jamii ya kichaa cha mbwa ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana popote. Kikaitwa kirusi cha popo wa Shimoni. Baadaye damu ya popo wengine wa aina hiyohiyo ilionyesha kingamwili, yaani wapo waliokutana nacho na bado wanaruka. Mpaka leo hakuna binadamu anayejulikana kuugua kwa kirusi hicho.

Mzee alikuwa akisikiliza Daktari akimweleza mwanafunzi wetu haya. Akaingilia.

"Mwanangu, hicho kitu mlichokipa jina la mji wetu, kimemuua nani hapa?"

"Hakijamuua mtu, Mzee."

"Basi jina letu mlilipeleka huko la nini?"

Daktari akacheka, lakini naona swali lilimchoma. "Waliolipeleka walitutangulia, Mzee. Siku hizi ingebidi waje wakuulize kwanza."

Mzee akasema sawa, lakini hakuonyesha kama ameridhika.

Kinachowasumbua wataalamu kuhusu kirusi hiki ni chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa tuliyodungwa sote hukinga vizuri dhidi ya kirusi cha kawaida na ndugu zake wa karibu. Kirusi cha Shimoni, pamoja na vile vya Lagos na Mokola, viko mbali katika ukoo huo, na majaribio ya wanyama yameonyesha kwamba chanjo hiyo huvigusa kidogo sana. Ndiyo sababu ya glavu mbili. Hata hivyo, nikiri upande wangu: mbwa aliyelala nje ya kibanda cha chai pale mjini alinitisha kuliko dari nzima ya pango. Karibu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani huambukizwa na mbwa, na kumchanja mbwa ni rahisi sana ukilinganisha na kazi hii yetu.

Magharibi tulisimamisha mtego mdomoni mwa pango: fremu mbili zilizotandazwa nyuzi nyembamba kutoka juu hadi chini, na mfuko mkubwa chini yake. Popo huzikwepa nyuzi za fremu ya kwanza, hugonga za pili, huteleza mfukoni bila kuumia. Kuanzia hapo sikupumzika. "Kigasha, tisini na saba. Jike. Ananyonyesha. Mdomo, kichupa cha kumi na mbili. Nyuma, cha kumi na tatu." Kijiti cha pamba huingizwa mdomoni, kingine nyuma, tone la damu huchukuliwa kutoka kwenye mshipa, kipande kidogo kabisa cha ngozi ya bawa hukatwa, kisha popo hupewa maji ya sukari na kuachiliwa. Wanaonyonyesha hutangulia, wasiwakawize watoto. Anayeachiliwa hutulia kidogo kwenye glavu, hutazama huku na huku, halafu huondoka bila kuaga.

Jumanne. Fikirini

Mapango ya Fikirini hayako mbali, na ni mahali pa kuombea. Tulikuta ubani uliokwisha kuungua na vitambaa vyeupe na vyekundu. Aliyetutembeza aliomba kwanza, kisha akatuonyesha ni upande gani tusiweke vyombo vyetu, tukatii.

Huku wapo popo wa matunda wanaoishi mapangoni, rangi ya kahawia, macho makubwa yanayorudisha mwanga wa taa kama makaa. Popo wengi wa matunda hutegemea macho na pua. Hawa hubofya kwa ulimi wakasikiliza mwangwi, ndiyo maana wanaweza kuishi ndani ya giza totoro. Na hawa ndio wenyeji wa kirusi cha Marburg, ndugu wa Ebola kinacholeta homa kali inayoua.

Hapa ndipo fundi wetu wa maabara alipochukua usukani wa maongezi. Ni mzaliwa wa Mbarara, tunamwita Ssebo, na Kiswahili chake alikiokota Nairobi. Mwaka 2007 wachimba madini wa machimbo ya Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua Marburg. Wataalamu wa CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, na wale wa taasisi ya virusi ya Entebbe waliingia machimboni humo wakapima popo, wakakuta kama asilimia 5 wana kirusi. Mwaka 2009 wakatangaza kwamba wamekipata kikiwa hai ndani ya popo wenyewe, jambo ambalo watu walikuwa wakilitafuta tangu ugonjwa huo ulipoonekana mara ya kwanza mwaka 1967 huko Ujerumani na Belgrade, miongoni mwa wafanyakazi wa maabara waliopelekewa tumbili kutoka Uganda. Upande wetu wa mpaka, mwaka huohuo wa 2007, kirusi kilipatikana kwa popo jike mwenye mimba katika pango la Kitum, Mlima Elgon. Pango hilo lilikuwa limeshukiwa tangu 1980 na 1987, wageni wawili waliolitembelea walipofariki.

"Sasa sikia walichofanya watu," Ssebo akasema. Waliwaua popo wa Kitaka. Waliziba midomo ya machimbo, wakawanasa, wakawamaliza maelfu kwa maelfu. Baada ya miaka michache popo wengine wakahamia, wachache sana ukilinganisha na wale wa zamani. Mwaka 2012 Marburg ikalipuka tena katika wilaya za karibu, na ukawa mlipuko mkubwa kuliko yote iliyokuwa imewahi kuikumba Uganda. Wataalamu waliporudi kupima machimboni, walioambukizwa walikuwa asilimia 13.

Ukisikia kwanza unadhani ni hesabu iliyokosewa. Popo wachache, maambukizi zaidi. Lakini katika kundi la zamani wakubwa wengi walikwisha kuambukizwa, wakapona, wakabaki na kinga. Wanaokibeba kirusi zaidi ni vijana wa umri wa miezi sita hivi, wakati kinga waliyopewa na mama imekwisha, na wimbi hilo huja mara mbili kwa mwaka, kila baada ya msimu wa kuzaa. Ukiwafagia wakubwa wenye kinga, umefungua nafasi kwa wageni wasio na kinga. Kirusi hakiwezi kuomba zaidi ya hapo.

Nilimuuliza kama wachimbaji wale waliambiwa haya kabla. Ssebo akasema mtu aliyezika ndugu yake hangoji kuambiwa.

Rwanda mwaka 2024, watu 66 waliugua Marburg na 15 wakafariki. Chanzo kilifuatiliwa hadi kwa mchimba madini aliyekuwa akifanya kazi ndani ya pango lenye popo hawa. Kila hadithi kubwa ya Marburg niliyoisikia ina mtu anayekaa saa nyingi mahali pa popo kwa sababu riziki yake iko humo. Anayepita, kuomba na kutoka, simwoni sana kwenye orodha.

Jumatano. Barabarani

Siku ya gari. Mariakani, Samburu, Taru, tukasimama Mackinnon Road kwa sala kwenye msikiti wa Sayyid Baghali, kama madereva wote. Chai, viazi karai, vumbi. Maungu. Voi.

Baada ya Voi mibuyu ilianza kunifanya niangalie nje. Ua la mbuyu hufunguka jioni, jeupe, linaning'inia, na linanuka kidogo kama kitu kilichoanza kuchacha. Halikuumbwa kwa ajili ya nyuki. Popo wa matunda ndio huingiza uso humo usiku na kuhamisha chavua. Kwa hiyo yeyote anayefyonza mabuyu ya rangi pale Mombasa ana deni asilolijua.

Mwaka 2007, katika nyika hizihizi za Tsavo Magharibi, daktari mmoja kutoka Uholanzi alikuwa amepiga kambi. Jioni popo alimgonga usoni, akamwachia mikwaruzo midogo puani. Hakupata chanjo baada ya hapo. Wiki chache baadaye, akiwa kwao, dalili zilianza, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amefariki kwa kirusi kiitwacho Duvenhage, ndugu mwingine wa kichaa cha mbwa. Hiki ni ndugu wa karibu. Chanjo ya kawaida inatarajiwa kukizuia. Daktari wetu huisimulia habari hii kwa kila mwanafunzi mpya, na humalizia kwa maneno yaleyale: sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha unalitafuta kwa miwani.

Alhamisi. Wundanyi

Barabara kutoka Mwatate inapanda kwa kona, na katika kila kona unavaa nguo moja zaidi. Huku juu ni baridi, migomba na ukungu. Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha utafiti hapa Wundanyi, na watafiti wa Kifini wamezoeleka kiasi kwamba watoto hawageuki kuwatazama.

Jioni, kimanga na chai ya tangawizi, Daktari akaeleza kwa nini tumepanda mlima ilhali kesho tutashuka tena. Mwaka 2018 wanasayansi walitangaza kirusi kipya cha jamii ya Ebola kilichopatikana Sierra Leone, wilaya ya Bombali, kwa popo wadogo wanaolala kwenye paa za nyumba. Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba kirusi hichohicho kimepatikana kwa popo wa upande huu wa Taita, mwisho mwingine wa bara. Kikaonekana tena Busia. Popo wa Taita hakuruka kutoka Sierra Leone. Hawa si wasafiri wa hivyo. Inaelekea kirusi kinaishi na aina hii ya popo popote ilipo, na kuanzia Senegal hadi huku, ilipo ni juu ya vichwa vya watu.

Je, kinaua? Katika maabara, protini ya nje ya kirusi cha Bombali imeonyesha kwamba inaweza kukitumia kipokezi kilekile cha seli za binadamu ambacho Ebola huingilia. Hiyo ni habari mbaya. Habari nzuri ni kwamba hajulikani mtu yeyote aliyeugua, na wakazi wa Taita waliopimwa damu walipokuwa na homa hawakuwa na kingamwili zake. Mlango upo, lakini hajaonekana aliyeupita.

Mwanafunzi aliuliza swali ambalo hata mimi nilikuwa nalo: popo wao mbona hawafi? Daktari alisema jibu liko kwenye kuruka. Kuruka hutumia nguvu nyingi, joto la mwili hupanda, seli huchakaa na kumwaga vipande vya vinasaba vyao ovyo. Mwili wa mnyama mwingine ungeona vipande hivyo ungepiga kengele ya hatari, na uvimbe ungemuumiza mwenyewe. Popo wamepunguza sauti ya kengele hiyo. Moja ya protini zinazoipiga, iitwayo STING, kwao imedhoofika. Wakati huohuo kinga zao za awali dhidi ya virusi ziko macho muda wote. Kwa hiyo kirusi huzuiwa kisizidi, na mwili haujichomi kwa hasira. Sisi Ebola ikituingia, sehemu kubwa ya madhara hutokana na mwili wetu wenyewe kupoteza adabu.

Ijumaa. Nyumba ya mabati

Kijiji kiko chini ya vilima, upande wa joto. Nyumba ya matofali, vyumba vitatu, mabati, dari ya ubao mwembamba. Saa nane mchana nilipanda ngazi nichungulie kwenye upenyo wa paa na uso wangu ukapigwa na joto kama la tanuri. Popo hawa wa mkia huru hustahimili joto linalopita nyuzi 40. Ndilo linalowavutia kwenye mabati. Nyumba ya makuti haiwafai. Kwa maneno mengine, familia ilipopata pesa ya kuezeka mabati, ilijenga bila kujua nyumba mbili, ya chini na ya juu.

Mwenye nyumba, mama wa watoto wanne, alitupokea kwa ukarimu na kwa orodha ndefu. Harufu. Kelele za alfajiri. Vinyesi vinavyopenya kwenye ubao na kuangukia kitandani, mezani, na siku moja ndani ya sufuria ya uji. Tangu ile habari ya Korona majirani walimwambia awachome. Daktari alimweleza kwamba virusi vya karibu na Korona vilipatikana kwa popo wa aina nyingine huko Uchina na Laos. Mama akasema, "Sawa Daktari, lakini wa kwangu wananuka hivihivi."

Kisha akatueleza kuhusu moshi. Mumewe alichoma pilipili kavu ndani ya nyumba na kufunga madirisha, ili popo watoke. Wachache walitoka. Wengi waliteremka kupitia nyufa za dari, wakaanguka sakafuni, kwenye neti za mbu, nyuma ya kabati. Watoto waliwaokota kwa mikono na kuwatupa nje, baadhi ya popo hao wakiwa na watoto wachanga vifuani. Baada ya siku tatu popo wote walirudi darini.

Nilisimamisha kalamu. Miezi yote popo wale walikuwa juu na familia chini, wametengwa na ubao. Siku pekee ambayo watoto wa nyumba ile waliwashika popo kwa mikono mitupu ilikuwa siku ya kuwafukuza. Hilo nalo ni data, lakini fomu yangu haikuwa na mahali pa kuliandika.

Jioni tuliweka wavu mwembamba karibu na ukingo wa paa. Saa moja kasoro walianza kumiminika, mmojammoja, halafu kwa vishindo. Hawafiki gramu 40, nyuso zao zimekunjamana, na wana hasira isiyolingana na umbo; waling'ata glavu za ngozi bila kuchoka. Niliandika mpaka vidole vikafa ganzi. Mtoto wa mwisho wa nyumba alisimama nyuma ya mkanda tulioufunga akihesabu kwa sauti, akawa ananisahihisha.

Jumamosi. Fundi

Asubuhi fundi wa mabati alikuja kwa ombi la Daktari. Kuwahamisha popo bila ugomvi kunajulikana vizuri: unatafuta matundu yote, unaziba kwa wavu wa nyaya na simiti isipokuwa moja au mawili, hayo unayawekea kitambaa kizito kinachoning'inia, wanatoka chini yake lakini hawawezi kurudi. Baada ya siku chache unaziba na hilo la mwisho. Kinyesi unakilowesha kwa maji kabla ya kukifagia, huku umefunga pua na mdomo. Na huanzi wakati kuna watoto wasioweza kuruka, maana watafia darini, na mama zao watatafuta njia ya kuwafuata kupitia chumba cha kulala.

Fundi akapiga hesabu ya nyaya, simiti na siku mbili za kazi. Haikuwa pesa nyingi. Ilikuwa chini ya gharama ya kusafirisha sanduku moja la barafu kavu. Lakini bajeti ya mradi ina fungu la vichupa, la naitrojeni, la kusoma vinasaba, la mimi. Fungu la wavu wa nyaya halimo. Wafadhili wanalipa ili kirusi kijulikane. Sioni ubaya, kula yangu iko humo. Ila nikiwa mwenye nyumba ile, ningeuliza mbona ninyi mnaondoka na mate ya popo wangu na kuniachia popo.

Tulichanga. Ssebo alitoa zaidi ya wote bila kusema. Fundi ataanza na chumba cha watoto, aweke ubao mpya wa dari usio na nyufa, na paa lenyewe lisubiri watoto wa popo waanze kuruka. Popo watahamia wapi? Daktari alipendekeza kisanduku cha mbao juu ya nguzo, mbali na nyumba, mahali penye jua. Wanakula wadudu wa shambani usiku kucha, hakuna haja ya kuwapoteza. Mama akasema kisanduku sawa, bora kiwe upande wa jirani aliyemshauri awachome.

Tangi limeondoka mchana kwenda Nairobi. Majibu huchukua miezi. Kwenye fomu za nyumba ile nimeongeza safu kwa rula, pembeni, baada ya ile ya kigasha: mtu amegusa popo, ndiyo au hapana, na kwa sababu gani. Daktari ameiona. Amesema niiweke kwenye fomu zote za safari ijayo, tutakapokwenda Busia.